Miti Saba Ukutani

Harufu ya mdalasini hunitoa kwenye kazi kuliko simu. Kipande chenyewe kipo kwenye rafu juu ya meza yangu, gome lililojikunja kama karatasi iliyosahaulika juani, limefungwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Mchana, jua linapolipiga bati la nyumba yetu hapa Mwembesongo, chumba hupata joto na gome huanza kutoa harufu taratibu, tamu na kali kidogo, mpaka naacha kuandika. Nainua macho. Ukutani, mbele yangu, ipo picha.

Wenzangu wa kazini, ambao wengi nawajua kwa sura za kwenye kompyuta tu, wameshazoea. Mmoja aliniuliza katikati ya mkutano, "Mbona kila saa unaangalia juu ya kamera, kuna mtu hapo?" Nikamjibu kwamba yupo baba yangu, amechuchumaa, anapanda miti. Alicheka, akadhani namtania.

Chumba hiki kilikuwa ofisi ya Baba. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, siku ambazo ramani zilichorwa kwa mkono, na mtu akitaka kujenga Kihonda au Mkundi alikuja hapa na kiwanja chake kichwani, akaondoka nacho kwenye karatasi. Ukutani alitundika vitu ambavyo mimi nilidhani vyote ni vifaa vya kazi. Timazi ya chuma aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha. Picha ya babu, baba yake, amesimama na baiskeli mpya na suruali fupi kuliko alivyotaka. Mkeka mdogo wa rangi mbili uliosukwa na shangazi yake, Bibi Mwanahawa wa Kinole. Kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, iliyokwisha muda wake miaka mitatu, ambayo hakuitoa kwa sababu alipenda mlima uliochorwa juu yake.

Hapo ndipo aliponifundisha kuchora. Alikuwa na sheria moja, naye aliirudia mpaka ikawa kama sauti ya nyumba: "Chora ulichokiona. Usichokiona, acha wazi." Nikichora nyumba yenye bomba la moshi, alinyanyua ufutio. "Morogoro nzima umeona wapi bomba la moshi?" Anafuta. Nikichora jua lenye macho na mdomo, anafuta. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Chuo kikuu baadaye kilinipa maneno makubwa ya kuiitia tabia hiyo, lakini nilikuwa nayo kabla sijaota meno ya pili, na nadhani ilitoka kwenye ufutio ule. Nilijifunza kwamba kitu kikiwa kwenye karatasi lazima mtu aweze kukiuliza, na chenyewe kiweze kujibu.

Nilipokuwa na miaka tisa, likizo ya mwezi wa sita, Baba alinichukua kwenda naye shambani Kinole. Shamba lilikuwa chini kabisa ya mteremko, karibu na mto, mahali ambapo jiwe kubwa limekaa kama ng'ombe aliyelala. Alibeba kapu lililofunikwa gunia. Ndani mlikuwa na miche saba. Tulipita katikati ya mahindi, tukaenda nyuma ya migomba, mahali ambapo mtu anayepita njia ya juu haoni kitu. Nilishika miche huku yeye akichimba. Majani ya juu kabisa, yale machanga, yalikuwa mekundu, na nilishangaa kwa sababu niliamini majani yote ya dunia huzaliwa kijani. Nikamuuliza ni miti gani. "Ya kivuli," alisema. Ndiyo mara ya kwanza namkumbuka akinijibu bila kuniangalia.

Tuliporudi mjini nilichora. Nilitumia penseli zangu za rangi siku tatu nzima. Jiwe, mto, migomba, Baba na kofia yake ya kijani amechuchumaa, na miti saba kwenye mstari, kila mmoja na ncha nyekundu. Baba alipoiona hakunyanyua ufutio. Aliisogeza dirishani, akaitazama karibu, akaitazama mbali. "Hii," alisema, "hii sina cha kufuta." Kesho yake aliitengenezea fremu ya mbao za boksi, akaiwekea kioo, akaitundika ukutani nyuma ya kiti chake, mahali ambapo kila mteja anayeketi mbele yake ataiona. Na waliiona, wakasifia, naye akawa anajibu bila kugeuka: "Mwanangu huyo." Nafikiri alisifiwa mistari mpaka akasahau kinachochorwa na mistari hiyo.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja. Shamba lile halikuwa la Baba. Kwa Waluguru, watu wa Baba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hufuata huko huko. Shamba lilikuwa la ukoo wa babu, na babu alipokufa lilibaki chini ya dada yake, Bibi Mwanahawa. Baba, ingawa ni mtoto wa babu wa kumzaa, hakuwa wa ukoo ule. Alilima kwa kuazimwa, kwa sababu ardhi ya ukoo wa mama yake mwenyewe ilikuwa imegawanywa na kugawanywa mpaka vikabaki vipande vya kupandia vitunguu. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda mlima mpaka Kinole na jogoo mmoja. Bibi alimpokea jogoo, akamfunga mguu kwenye nguzo ya jiko, akampa Baba kikombe cha maji. Hapakuwa na maneno. Ukimpelekea mtu jogoo namna hiyo umekiri kwamba mali ni yake, na akikupa maji amepokea.

Aliyeazimwa aliruhusiwa kupanda mahindi, maharage, chochote kinachovunwa na kuisha. Mti wa kudumu hapana. Mti ni wa aliyeupanda, hata ukiwa juu ya ardhi ya mwingine, na mwenye mti hawezi kuambiwa aondoke kirahisi. Kupanda mti kwenye ardhi ya kuazimwa, kwa siri, ni sawa na kubadilisha kitasa cha nyumba uliyokaribishwa. Hayo mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba Baba alipanda na mimi nilichora.

Bibi Mwanahawa alishuka mjini Jumamosi moja ya mvua, yeye na mjukuu wake Shabani, kijana wa miaka ishirini hivi aliyekuwa akifanya kazi gereji hapa mjini. Sebule yetu ilikuwa inapakwa rangi, viti vimerundikwa katikati na kufunikwa nailoni, kwa hiyo Baba aliwakaribisha ofisini. Bibi aliketi kwenye kiti cha wateja. Baba akaketi kwenye kiti chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wifi yangu. Umekuwa mrefu, utatuvunjia dari."

Aliniita wifi kwa kuwa babu, kaka yake, alikuwa akinitania kuwa mimi ni mke wake. Kwa kawaida tukikutana tulitukanana kwa furaha nusu saa nzima. Siku ile alinitania mara hiyo moja tu, kisha akamgeukia Baba, na mimi nikatumwa jikoni.

Mama alikuwa anachemsha chai. Jiko letu lilipakana na ofisi, ukuta haukufika juu, kila neno lilivuka.

"Nasikia kuna miche imepandwa kule mtoni," Bibi alisema.

"Miche gani, shangazi?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Mimi nalima mahindi na maharage, kama tulivyokubaliana. Kama kuna kilichoota, kimeota chenyewe."

"Mdalasini siku hizi unaota wenyewe?" Hiyo ilikuwa sauti ya Shabani. "Kwa mstari?"

"Nyamaza wewe, sijakuleta useme," Bibi alimkata. Kisha akamwambia Baba polepole, "Miguu yangu haifiki tena mtoni, unajua. Ningeweza kumtuma mtu akaangalie. Sijamtuma. Nimepanda gari na mvua hii nije nisikie kwako. Ukiniambia mwenyewe, tutazungumza. Nikiambiwa na wengine hatutazungumza, utaliacha shamba."

Mama alishika kifuniko cha sufuria akakisahau mkononi.

"Sijapanda mti, shangazi," Baba alisema.

Mama alinikabidhi sinia. Niliingia nalo ofisini, nikanyanyua macho kuangalia nitaliweka wapi, na nikaona kile ambacho ninyi mmeshakiona. Baba ameketi, mikono juu ya meza, uso mtulivu kabisa. Sentimita thelathini juu ya kichwa chake, ndani ya kioo, Baba mwingine mwenye kofia ya kijani amechuchumaa na mti mkononi. Na Bibi Mwanahawa ameketi akiwaelekea wote wawili.

Kilichotuokoa kwa dakika zile ni macho yake. Bila miwani Bibi aliona sura za watu na mwanga wa dirisha, vingine vilikuwa ukungu. Miwani ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa mapajani. Shabani alikuwa ameinamia simu yake ya vitufe, anacheza mchezo wa nyoka.

Niliweka sinia, nikazunguka meza, nikaenda kusimama nyuma ya Baba, mgongo ukutani. Nilikuwa mfupi. Nilijiinua kwa vidole vya miguu. Kichwa changu kilifika chini ya fremu, nikaziba jiwe na sehemu ya mto.

"Wifi, umesimama kama nguzo ya umeme, kulikoni?"

"Najinyoosha, Bibi."

Baba aligeuza shingo, akaniona, hakuona kilicho juu yangu. Nilimkazia macho. Nilijaribu kumwonyesha ukuta kwa nyusi. Alichokiona yeye ni mtoto mwenye adabu mbovu mbele ya wageni. "Toka hapo," alisema. "Kamsaidie mama yako."

Sikutoka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimgomea kwa ajili yake mwenyewe. Akarudia, safari hii kwa jina langu lote, na miguu ikatii kabla mimi sijaamua. Niliishia mlangoni, Mama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Yeye alishaiona picha.

Bibi alichukua kikombe. Akakisogeza mdomoni, akasita. "Nyumba hii nawajua kwa sisimizi," alisema. "Mara ya mwisho nilikunywa kumi." Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa, akachungulia chai. Hapakuwa na sisimizi. Akanywa. Kisha akainua uso, kama mtu yeyote anayekunywa chai ya moto na kupumua.

Shabani naye alipandisha kichwa, akafuata macho yake. Nyoka wake alikufa, simu ikalia.

"Kachora nani?" Bibi aliuliza.

Baba aligeuka. Naikumbuka shingo yake jinsi ilivyochelewa, kama vile ilijua kabla yake. "Huyu," alisema. "Watoto hawa, shangazi. Wanachora lolote linalowajia."

"Lile ni jiwe letu."

"Jiwe amewahi kuliona. Mengine ametunga." Akanitazama mlangoni. "Si ulitunga mwenyewe?"

Mtu aliyenifutia bomba la moshi. Mtu aliyenifutia jua. Nilimtazama na yeye akanitazama, na macho yake yalikuwa yanaomba, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu mzima na sikujua kinashikwaje.

"Nilitunga," nikasema.

Bibi aliweka kikombe mezani. Hakukasirika. Alinyanyuka, akajishika kwenye meza, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Njoo, wifi. Jiwe uliliona?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na miti ukatunga."

"Ndiyo, Bibi."

"Yote saba."

"Ndiyo."

"Mtoto wa Mwembesongo," alisema, karibu kwa upole, "nani alikwambia majani machanga ya mdalasini ni mekundu?"

Nilitafuta jibu. Nililitafuta kweli, na kila nililolipata lilikuwa la kweli. Nikaacha wazi.

Bibi alirudi kwenye kiti na kuanza kuzungumza Kiluguru, na hapo mimi na Mama tukafungiwa nje, kwa kuwa Mama ni Mgogo na mimi nilijua salamu na majina ya vyakula tu. Baba alijibu kwa muda mrefu. Sauti yake ilipanda mara moja, ikashuka, na ndani ya maneno yale nilisikia jina langu, kisha jina la mdogo wangu, kisha langu tena. Nilidhani ananishtaki. Bibi alisikiliza hadi mwisho huku akikunja na kukunjua miwani. Alipohukumu, alihukumu kwa Kiswahili, nafikiri ili Mama asikie.

"Miti itabaki, haijakosa kitu. Wewe ndiye hutakanyaga tena pale."

Hakumaliza chai. Mlangoni aliniwekea mkono kichwani, mzito, akauacha pale kuliko kawaida. Kisha wakatoka na mvua yao.

Jioni ile Baba aliishusha picha. Nilimchungulia nikingoja sauti ya kioo kikivunjwa. Badala yake alichomoa msumari, akauhamishia ukuta wa pili, akaugonga kwa nyundo mara tatu na kuitundika picha hapo, mbele ya kiti chake. Tangu siku hiyo wateja waliipa mgongo na yeye ndiye aliyeitazama. Hakuniadhibu wala hakuniomba radhi. Ila hakuwahi tena kuniambia nichore nilichokiona. Nilichora nyumba yenye bomba la moshi kwa makusudi, nikamwekea mezani. Alisema nzuri.

Miaka mitatu baadaye, baada ya mavuno ambayo hayakutuhusu, Shabani alileta kifurushi cha kitambaa cha kanga. Ndani mlikuwa na gome la mdalasini, bado na unyevu. "Bibi amesema ni la wifi yake," alimwambia Baba. Baba alilinusa, akanipa, akatoka nje akasimama karibu na bomba la maji bila kufungua bomba. Mwaka uliofuata likaja jingine. Nilikuwa nalitia kwenye chai. Nilijua ni zawadi, pengine ni pole ya kizee kwa mtoto aliyeaibishwa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni mhadhiri alipochora ubaoni michoro miwili ya ukoo, mmoja unaofuata baba, mwingine unaofuata mama, akatuambia kila mtu ajitafute. Nilianza kwa Mama. Kwa Wagogo mtoto ni wa baba. Nikahamia kwa Baba. Kwa Waluguru mtoto ni wa mama. Nikarudi, nikajaribu tena, penseli ikawa inavuka kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine bila pa kutua. Nilikaa pale mpaka darasa likaisha, nikielewa hatimaye kwa nini jina langu na la mdogo wangu yalitajwa mara zote zile kwa Kiluguru. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anauliza sisi, tusio na ukoo wala ardhi, tutasimama wapi.

Ila hilo la gome nilichelewa zaidi kulielewa, na huwa najishuku hata sasa, maana mtu anayependa maswali anaweza kuona majibu mahali pasipo na kitu. Bibi Mwanahawa alifariki mwaka juzi. Mwaka jana hakikuja kifurushi, nikajiambia basi, ndivyo zawadi zinavyokufa na wenyewe. Kisha mwezi uliopita Shabani, siku hizi mtu mzima mwenye kitambi na gereji yake, alisimama mlangoni na kitambaa kilekile cha kanga. Alisema walichelewa kwa sababu ya msiba na ugawaji wa mashamba.

"Kwa nini mnaniletea?" nikamuuliza. "Kaka Shabani, ile miti ni ya nani?"

"Dada, mimi nimeagizwa kuleta. Sikuagizwa kujibu."

"Amekuagiza nani, naye hayupo?"

Alipangusa jasho, akaangalia ndani ya ofisi, akaiona picha kwenye ukuta wake wa pili. Akanyoosha tu mkono wenye kifurushi. Nilikuwa na maswali mengine manne, nimeshayapanga. Ndipo nikamkumbuka Baba akipanda mlima wa Kinole kila mwaka na jogoo kwapani. Hakuwahi kutamka kwamba ardhi ni ya shangazi yake, na shangazi hakuwahi kumtaka atamke.

Nilipokea kifurushi kwa mikono miwili. Nikaingia ndani, nikamletea Shabani kikombe cha maji.